Ufinyanzi Urudi Uani Kwetu: Wito kwa Wana Lemara

Ndugu wananchi wa Lemara hapa Arusha, na ninyi nyote mnaoishi chini ya Mlima Meru, naomba kila mmoja wetu aingie jikoni kwake kwa dakika moja atazame vyombo vyake.

Sufuria za alumini zipo. Ndoo za plastiki zipo. Sahani na vikombe vya kutoka ng'ambo vipo. Je, kuna chombo cha udongo hata kimoja? Pengine ni lile jiko la mkaa lenye udongo ndani ya bati. Pengine ni chungu cha maua kilichokaa barazani.

Sisemi kwamba sufuria ni mbaya. Ni nyepesi, haivunjiki ikianguka, na mama mwenye haraka ya asubuhi anaihitaji. Ninachouliza ni kingine. Nyumbani kwako, au katika ukoo wako mzima, ni nani leo anayejua kufinyanga chungu, kuanzia udongo mbichi hadi kinapotolewa motoni?

Wengi tutajibu kwamba bibi alikuwa anajua. Wengine tutasema tuliona zamani kijijini, tukiwa wadogo. Hapo ndipo wito wangu unapoanzia.

Ufinyanzi unakaa mikononi mwa watu. Mtu anaweza kusoma habari zake akaelewa yote, na bado chungu chake cha kwanza kikaporomoka mezani. Mkono hujifunza kwa kukaa karibu na mkono mwingine. Mfinyanzi akizeeka bila mwanafunzi, kazi yake inaondoka naye, na sisi tunabaki kununua kwa wengine vitu ambavyo udongo wake uko miguuni petu.

Hapa Lemara tunafinyanga na kufundisha nyumbani, kwenye ua wa nyuma, chini ya paa la mabati. Kuna meza ya mbao, ndoo za udongo uliolowekwa, rafu ya kukaushia na mabenchi ya kukalia. Watoto huja Jumamosi, watu wazima huja jioni wakitoka kazini. Ni mahali padogo. Naandika kuomba mahali kama hapo paongezeke mitaani kwetu, na kila mwananchi apashike mkono kwa namna anayoweza.

Je, kazi hii ni ya kigeni kwetu? Hapana, ila hapa kwetu ina historia yake. Waarusha na Wameru kwa desturi waliweka maziwa kwenye vibuyu, na sehemu kubwa ya vyungu ilitoka kwa majirani. Wanawake wa Upare, hasa wa Usangi, walifinyanga vyungu vilivyouzwa hadi masoko ya Uchagani. Kwa vizazi vingi kazi hiyo ilikuwa ya akina mama, na mama alimrithisha binti yake.

Kusini mwa nchi yetu, ukingoni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, wanawake wa Kikisi wa Ikombe wamejulikana kwa vyungu vyao hadi leo. Hawatumii mashine. Wanafinyanga kwa mkono, wanachoma kwa moto wa wazi, kisha vyungu vinapakiwa kwenye mitumbwi kwenda sokoni karibu na Matema, na kutoka huko vinasambaa hadi Mbeya na mbali zaidi.

Sasa fikiria mji wetu wa Arusha. Umekusanya watu wa kila kabila. Wapare wako Lemara, wako Njiro, wako Kijenge. Wako pia waliotoka Kyela, Kigoma na Singida. Je, yule bibi wa nyumba ya tatu, anayekaa barazani akichambua mchicha, umewahi kumuuliza kama alifinyanga ujanani kwake? Huenda mwalimu tunayemtafuta yuko mtaani kwetu, na hakuna aliyebisha hodi.

Nawaomba wazee wangu msione haya. Kazi ya udongo imewahi kuonwa kuwa ya mtu aliyekosa kazi nyingine, na wapo waliowaficha watoto wao kwamba waliifanya. Leo tunawaita kwa heshima. Njooni mkae kwenye kiti, mtuelekeze sisi wenye nguvu za kukanda. Hata kama vidole vimekakamaa, macho yenu yanajua udongo umekubali au umekataa.

Tuseme kidogo kazi yenyewe ilivyo, ili yeyote anayefikiria kufungua darasa nyumbani kwake ajue anaingia wapi.

Kwanza ni udongo. Mlima wetu ulirusha majivu kwa maelfu ya miaka, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Ardhi yake inastawisha migomba na kahawa, lakini si kila udongo unafaa kufinyangia. Upo mwepesi mno na upo wa mchanga mtupu. Udongo mfinyanzi hupatikana zaidi sehemu za chini, palipotuama maji, na mara nyingi uko chini ya udongo wa juu.

Utaujuaje? Chukua donge, lilowanishe, usokote kamba nene kama kidole kidogo cha mkono, kisha uizungushe kwenye kidole chako cha shahada. Ikizunguka bila kupasuka, udongo huo una uhai. Ikikatika vipande, tafuta pengine, au uuchanganye na udongo unaonata zaidi.

Hapa nina ombi kwa wote. Tusichimbe kingo za Mto Themi wala mto mwingine wowote. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, na ina sababu: ukingo ukichimbwa, mvua ya masika inaubomoa, na nyumba ya jirani wa chini inaingia hatarini. Njia iko rahisi zaidi. Jirani anayechimba msingi wa nyumba au shimo la choo, akikutana na udongo unaonata, atupigie simu kabla hajamlipa mtu wa kwenda kuumwaga. Yeye anapata nafasi uani, sisi tunapata udongo. Je, hilo ni gumu?

Udongo ukifika unaanikwa, unatwangwa, unachekechwa, unalowekwa, kisha unakandwa. Kukanda ndiko kunakochosha, na ndiko kunakofundisha subira. Unasukuma kwa kiganja, unakunja, unageuza, unasukuma tena, mpaka ukikata donge kwa uzi usione tundu hata moja la hewa. Ndani yake tunatia mchanga kidogo, au vigae vya vyungu vilivyovunjika vikatwangwa vizuri. Vigae hivyo vinasaidia chungu kisipasuke kikikauka wala kikikutana na moto. Kwa hiyo hata chungu kilichovunjika hakitupwi. Kinaingia ndani ya chungu kingine.

Kisha kuna kufinyanga. Watu wengi huuliza kama tuna gurudumu la kuzungusha. Gurudumu ni zuri, lakini mtu asikae bila kuanza eti kwa sababu hana. Mwanafunzi wetu huanza na donge linalotosha kiganja. Analitoboa katikati kwa dole gumba, halafu anazungusha taratibu huku akibana ukuta kati ya kidole gumba na vidole vingine. Baada ya hapo anajifunza kusokota kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, akiziunganisha kwa ndani na kwa nje mpaka alama zote zifutike. Kulainisha, kipande cha kibuyu kinatosha. Kutia nakshi, gunzi la hindi likiviringishwa begani mwa chungu linaacha mistari mizuri sana.

Ukimtazama mtoto kwenye hatua hiyo utaona jambo la kufurahisha. Ulimi unatoka pembeni mwa mdomo, kelele zinakwisha, na yule aliyeambiwa nyumbani kwamba hatulii anakaa na chungu chake mpaka aitwe mara mbili. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Waliyasema hayo wakifikiria malezi, na kwenye meza ya ufinyanzi malezi yanaonekana kwa macho.

Chungu kikishafinyangwa kinakauka kivulini wiki moja au mbili, na zaidi ya hapo wakati wa masika au baridi ya Juni na Julai. Ukikiharakisha juani kitapasuka mdomo. Ukikiingiza motoni kikiwa na unyevunyevu, maji yaliyomo yatageuka mvuke na kukivunja kwa kishindo, pengine pamoja na vyungu vya wenzako. Kigonge kidogo, kiweke shavuni. Kikiwa bado na ubaridi, kisubirishe.

Mwisho ni moto. Udongo ukipita nyuzijoto 600 hivi hubadilika moja kwa moja, na haurudi tena kuwa tope hata ukiulowesha mwaka mzima. Joto hilo linafikiwa kwa moto wa wazi wa kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe, kama mama zetu walivyofanya. Kwa nyumba za mjini tunaona afadhali joko dogo la matofali lililojazwa maranda ya mbao, ambalo linafuka taratibu usiku kucha. Maranda hayo yapo kwa mafundi seremala wetu, na mara nyingi yanaishia kuchomwa bure barabarani. Vyombo hutoka na rangi ya kahawia yenye mawingu meusi ya moshi, kila kimoja na sura yake.

Chungu cha namna hii kina vitundu vidogo sana. Kabla ya kukitumia, pika ndani yake uji mwepesi wa unga. Wanga unaziba vitundu hivyo, na chungu kinaanza kushika maji. Ukianza kupikia maharage au kande, anza na moto mdogo. Nani kati yetu hajui ladha ya maharage yaliyochemka taratibu ndani ya chungu?

Nataka pia niseme na wale watakaofundisha, maana mtu akifungua ua wake kwa watoto wa wenzake amebeba dhamana.

Vumbi la udongo mkavu lina chembe ndogo zinazoumiza mapafu zikivutwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo usifagie karakana kwa ufagio mkavu. Futa kwa kitambaa kilicholowana. Kutwanga na kuchekecha kufanyike nje, watoto wakiwa mbali, na anayetwanga azibe pua na mdomo.

Maji ya matope usiyamwage mtaroni. Yaache yatuame ndani ya ndoo, mwaga maji ya juu kwenye maua, rudisha tope la chini kazini. Mtaro wa mtaa ni wetu sote.

Siku ya kuchoma, waambie majirani mapema. Mama mwenye nguo kambani na mzee mwenye pumu wana haki ya kujua. Ukifanya hivyo mara mbili tatu, utaona majirani haohao ndio wanaokuja asubuhi kutazama vimetokaje.

Na rangi za dukani za kung'arisha vyombo, zile zinazoyeyuka na kuwa kama kioo, zisitumike kwenye sahani au kikombe mpaka uwe na uhakika kwamba hazina madini ya risasi. Usipokuwa na uhakika, chombo hicho kiwe cha maua.

Sasa nirudi kwa msomaji anayejiuliza: yote haya ni mazuri, lakini chungu kitanisaidia nini leo?

Kitakusaidia kwa mengi. Lile jiko la mkaa lenye udongo ndani, lililosambaa kutoka Kenya miaka ya 1980, linapunguza mkaa kwa theluthi moja au hata nusu ukilinganisha na jiko la bati tupu. Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tunauunga mkono kwa moyo wote. Lakini kwa kaya ambazo bado zinatumia mkaa wakati safari hiyo inaendelea, jiko lenye udongo mzuri linaokoa fedha na miti. Udongo ndio unaotangulia kupasuka kwenye jiko hilo. Je, si vizuri mtaa ukawa na mtu anayeweza kutengeneza udongo mwingine wa ndani, badala ya jiko zima kutupwa?

Chungu kinahifadhi mboga pia. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyekulia katika ukoo wa wafinyanzi, alichukua chungu kidogo akakiweka ndani ya kikubwa, akajaza mchanga wenye maji katikati, na kufunika kwa kitambaa kilicholowana. Maji yanapokauka kupitia ukuta wa chungu cha nje, yanaondoka na joto. Bilinganya zilizokuwa zikiharibika kwa siku 3 zilikaa hadi siku 27. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Mama zangu mnaouza nyanya na mboga, hasa miezi ya kiangazi hewa inapokuwa kavu, hamwoni kwamba vyungu viwili na mchanga ni kitu cha kujaribu?

Kwa mwenye bustani ndogo, kuna chungu kisicho na rangi kinachofukiwa ardhini hadi shingoni na kujazwa maji. Maji yanapenya polepole hadi kwenye mizizi, wala hayapotei juani. Sukumawiki na pilipili hoho zinakipenda sana.

Upo pia mtungi wa kuchujia maji. Huko Guatemala, mwaka 1981, Fernando Mazariegos alibuni chujio la udongo uliochanganywa na vumbi la mbao au pumba. Vumbi linaungua jokoni, linaacha vitundu vidogo vinavyopitisha maji na kuzuia vijidudu vingi. Wazo hilo limesambaa nchi nyingi. Ila tuwe waaminifu kwa wateja wetu. Chujio la namna hiyo linahitaji vipimo na ukaguzi kabla ya kuuzwa, na lisitangazwe kuwa linaondoa floraidi. Sisi wa Arusha tunaifahamu floraidi kwa meno ya kahawia ya ndugu zetu na watoto wetu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuipunguza kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Anayetaka kutengeneza vyombo vya maji aende kwanza kwa wataalamu.

Nawasikia wengine wakisema: lakini karakana ya uani itafika wapi? Tazameni kwa majirani zetu. Mwaka 1975, kule Karen, Nairobi, Bi Susan Wood alianza kutengeneza shanga za udongo katika kibanda kidogo bustanini kwake, pamoja na wanawake wawili. Kazi hiyo ikakua ikawa Kazuri, kampuni iliyoajiri mamia ya wanawake, wengi wao wakiwa akina mama wanaolea watoto peke yao. Shanga zake zinauzwa nchi nyingi duniani.

Nigeria, mwanamke aliyeitwa Ladi Kwali alifundishwa kufinyanga na shangazi yake akiwa mtoto. Baadaye alifanya kazi na kufundisha katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, na leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Miaka ya 1970, binti wa Kenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, Magdalene Odundo, alikwenda kujifunza kituoni hapo. Leo Odundo ni mmoja wa wafinyanzi wanaoheshimiwa zaidi duniani, na vyungu vyake viko British Museum. Anavijenga kwa mkono, bila gurudumu. Shangazi alimfundisha mtoto kijijini, na faida yake ikafika mbali namna hiyo.

Sisi tunaishi katika mji uliotoa Azimio la Arusha mwaka 1967. Mwezi mmoja tu baadaye Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule imwandae mtoto kwa maisha na kazi. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2024, imeweka mkondo wa amali katika sekondari. Kwa hiyo mlango uko wazi. Kilichobaki ni sisi kuingia.

Basi kila mmoja afanye nini?

Mzazi, mlete mtoto wako darasani, lakini pia mwachie kona uani kwako achezee udongo. Nguo zitachafuka. Zitafuliwa. Chombo chake cha kwanza, hata kama kimepinda, kiweke mezani kitumike. Mtoto akiona mama anaweka chumvi kwenye kibakuli alichofinyanga yeye, ataamini mikono yake.

Mwalimu, ukifundisha somo la sayansi kuhusu mvuke, au historia ya mababu zetu, lete wanafunzi karakanani kwa saa moja. Wanaakiolojia wanajifunza mengi kuhusu watu wa kale kutokana na vigae vya vyungu vyao. Mwanafunzi aliyewahi kushika udongo ataelewa somo hilo haraka zaidi.

Mama lishe na mwenye mgahawa, jaribu kupakua mtori au loshoro katika bakuli za udongo zilizofinyangwa mtaani. Mteja ataliona jambo hilo, na atauliza zinapatikana wapi.

Mwenye hoteli au kampuni ya utalii, wageni wako wanapitia Arusha kwenda Serengeti na Ngorongoro, na wengi wanapenda kujifunza kitu kwa mikono yao kuliko kununua tu. Wapitishe mtaani kwa asubuhi moja. Na unaponunua vyungu vya maua au taa za bustani, anza kuuliza hapahapa mjini.

Fundi seremala, tuwekee maranda kwenye gunia. Fundi ujenzi, tuwekee vipande vya matofali. Kijana wa bodaboda, ukibeba vyungu panga nyasi kavu katikati yake na uendeshe taratibu kwenye matuta. Kazi yako nayo ni sehemu ya ufinyanzi.

Viongozi wetu wa mitaa, tunaomba mtusaidie kuifikia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kufinyanga ni kazi inayoweza kufanywa na mtu aliyekaa, na mtu asiyeona anaweza kuusoma ukuta wa chungu kwa vidole vyake. SIDO wapo kwa ajili ya viwanda vidogo tangu mwaka 1973. Na viwanja vya Nanenane vya Themi viko karibu nasi kabisa. Kwa nini tusiwe na meza yetu pale kila Agosti?

Kwako wewe unayetaka kuanza karakana, nakuambia anza kidogo. Meza moja, ndoo mbili na wanafunzi wachache unaoweza kuwaona wote kwa jicho moja. Panga ada iliyo wazi, na weka nafasi moja kwa mtoto ambaye mzazi wake hana. Usimwahidi mtu utajiri wa haraka. Vyungu vitavunjika, vingine mikononi, vingine motoni. Mwanafunzi ajue hivyo tangu siku ya kwanza, ili chungu kikivunjika arudi mezani bila kukata tamaa.

Na kwetu sote tunaonunua: wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mfinyanzi anatengeneza vyombo vizuri vya watu, na yeye mwenyewe anakula kwenye kigae. Hilo tunaweza kulibadilisha. Ukiambiwa bei ya chungu, kumbuka kuchimba, kutwanga, kukanda, wiki mbili za kukausha na usiku mzima wa moto. Omba kupunguziwa kidogo ukipenda, ndiyo desturi yetu sokoni, lakini mwache fundi naye apate chakula cha watoto.

Ndugu zangu, hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili wala jengo kubwa. Yanahitaji ua, udongo, mzee mmoja anayejua na watoto walio tayari. Vyote vinne tunavyo hapa Lemara.

Wiki hii, kabla ya Jumamosi, muulize mtu mmoja mzee wa nyumbani kwako au wa mtaani kwako: ulikuwa unafinyanga? Akikubali, mwombe akufundishe, na umwite mtoto wa jirani mkajifunze pamoja. Darasa lenu litakuwa limeanza.